Come to My Garden ya Minnie Riperton: sikiliza chini ya fidla

Wengi wanamjua mwimbaji Mmarekani Minnie Riperton kwa wimbo wa Lovin' You, iliyovuma 1975, na ile sauti yake ya juu kama filimbi. Albamu yake ya kwanza, Come to My Garden, ilitoka 1970 chini ya lebo ya GRT, haikuuza, ikasahaulika. Hiyo ndiyo kazi yake bora, kuliko hata zilizompa jina.

Ilirekodiwa studio ya Ter Mar, Chicago, mwishoni mwa 1969. Mtayarishaji ni Charles Stepney, ambaye pia ndiye aliyepanga ala zote, na fidla zake ni nyingi mno hata msikilizaji mvivu ataiita muziki wa filamu. Sikiliza ala zilizo chini ya fidla hizo. Piano ni ya Ramsey Lewis, besi Cleveland Eaton, drams Maurice White, aliyekuja kuanzisha bendi ya Earth, Wind & Fire. Ni Ramsey Lewis Trio kamili, kundi la jazz la watu watatu, na Phil Upchurch juu ya gitaa. Usingoje solo ndefu: jazz iko kwenye kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zinazogeuka usipotarajia, na kwenye drams zinazojua kunyamaza.

Les Fleurs ndio mfano mzuri. Lewis alikuwa ameshaurekodi 1968 kama muziki wa ala. Hapa Minnie anaimba beti kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, halafu kiitikio kinalipuka kwa kwaya na matarumbeta. Kwa hiyo pima sauti ya redio kwenye kiitikio; ukiipima kwenye beti, utarukia kitufe. Spika ya simu haifai kabisa, inameza besi yote. Vaa hedifoni, na kama ni za bei rahisi punguza treble (sauti za juu) kidogo, maana fidla na sauti ya Minnie zinagombania nafasi moja huko juu.

Kasoro ipo. Wimbo wa kwanza, huohuo Les Fleurs, una nguvu mno hata zinazofuata zinapwaya, na upande wa pili una nyimbo za taratibu zinazofuatana hadi zinafanana. Oh, By the Way peke yake ndio unaochangamsha. Nyimbo ni kumi, basi sikiliza kwa awamu mbili.

Santuri ya GRT ni ngumu kuipata. Lebo ya Janus iliitoa tena 1974, na hiyo inatosha. Mwenye muda wa nyimbo tatu tu achukue Les Fleurs, Memory Band na Rainy Day in Centerville.