Nilimpeleka mama kwenye tamasha la Les Misérables, London: uzoefu wangu

Nilipomwambia mama nimekata tiketi mbili, aliuliza swali moja tu: "Wanaigiza au wanaimba?"

"Wanaimba, mama. Wamevaa nguo za mchezo, lakini wanasimama kwenye maikrofoni, na wapiga muziki wamekaa palepale jukwaani, nyuma yao."

"Basi si taarab hiyo?" akasema, akaendelea kukunja kanga zake.

Ilikuwa Oktoba 2019. Mama alikuja Uingereza kunitembelea kwa miezi miwili, nami nilitaka aone kitu ambacho kwenye simu sikuwahi kufaulu kumweleza. Naandika haya kwa sababu nimesikia watu wengi wakisema tamasha lile lilikuwa nusu mchezo, kwamba ni pesa nyingi kwa watu waliosimama tu. Sikubaliani nao, na aliyenionesha kwa nini sikubaliani ni mama yangu, mtu wa Unguja ambaye Kiingereza chake ni cha salamu na dukani.

Kwanza niwaeleze lilivyokuja. Les Misérables ni mchezo wa kuimbwa uliotokana na riwaya ya Victor Hugo, mwandishi Mfaransa, ya mwaka 1862. Muziki ni wa Claude-Michel Schönberg. Ulianza Paris mwaka 1980, na toleo la Kiingereza likafunguliwa London, ukumbi wa Barbican, tarehe 8 Oktoba 1985. Tangu 2004 ulikuwa ukichezwa Queen's Theatre, barabara ya Shaftesbury Avenue. Julai 2019 ukumbi huo ulifungwa kwa matengenezo makubwa (ulipofunguliwa tena ukaitwa Sondheim Theatre), na lile jukwaa maarufu la kuzunguka, lililokuwa sehemu ya mchezo tangu mwanzo, likaagwa moja kwa moja. Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba, mtayarishaji Cameron Mackintosh aliuweka mchezo ukumbi wa jirani, Gielgud, kwa mtindo wa tamasha. Waimbaji na wapiga muziki kwa pamoja walizidi 65. Jukwaa la kuzunguka halikuwepo, wala kile kizuizi kikubwa cha mbao na samani, ngome ya waasi wa kisa hiki, kilichokuwa kikiingia kwa pande mbili na kuungana katikati. Kilio cha wapenzi wa zamani kilikuwa juu ya vitu hivyo viwili, na ninawaelewa. Ukishapenda kitu kwa miaka thelathini, kinakuuma kikiondolewa.

Neno moja kuhusu tiketi. Mimi nilinunua kwa muuzaji wa kati wa mtandaoni, na tiketi zilipofika nikakuta bei iliyochapishwa juu yake ni ndogo kuliko niliyolipa. Nilisikitika sana, kwa sababu tofauti ile ilikuwa nauli yetu ya treni kwenda na kurudi. Nunueni kwa ukumbi wenyewe.

Kwenye treni nilimsimulia mama kisa. Jean Valjean amekaa gerezani miaka 19: mitano kwa kuiba mkate wa kulisha watoto wa dada yake, na 14 kwa kujaribu kutoroka. Mama alinikatiza hapo. "Kwa mkate?" Kila nilipotaka kusonga mbele alinirudisha kwenye mkate. Nilipofika kwa vijana wanaoinuka dhidi ya serikali, akauliza kama hawa ndio waliomkata mfalme kichwa. Nikamwambia hapana, wengi hukosea hapo. Vijana wa kisa hiki ni wa Juni 1832, walipoinuka Paris siku ya maziko ya Jenerali Lamarque na kuzimwa ndani ya siku mbili.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, ngazi baada ya ngazi, na magoti ya mama si ya kusifiwa. Lakini alipokaa na kutazama chini, uso ulibadilika. Kwa kawaida katika michezo ya London wapiga muziki hufichwa shimoni chini ya jukwaa. Unawasikia bila kuwaona. Pale walikuwa mbele yetu wote. Mama alianza kuhesabu fidla. Huyu ni mwanamke aliyekaa mbele ya Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club, vikundi vya taarab vya Unguja, tangu usichana wake. Kwake yeye, muziki ni watu waliokaa wakapangwa, udi, kanuni, nai, akodiani, na mwimbaji anasimama mbele yao na maneno yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapo kuna kitu kinakosekana. Kwa hiyo wakati mwenzetu wa kiti cha nyuma ananong'ona "liko wapi jukwaa?", mama yangu alikuwa ameshafika.

Nami nilianza kusikia tofauti. Mchezo huu karibu wote ni wa kuimbwa, tangu wafungwa wa mwanzo mpaka kifo cha mwisho, mazungumzo ya kawaida ni machache mno. Ukiondoa vitu vinavyozunguka, hujaondoa kisa. Mimi nilikuwa nimeuona mchezo kamili mara mbili, na kuna mistari ambayo niliisikia kwa mara ya kwanza usiku ule, kwa sababu macho hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike, yaani watu waliokaa kutazama.

Carrie Hope Fletcher, aliyekuwa Fantine, mama maskini wa kisa hiki, aliimba ule wimbo wa ndoto iliyovunjika, na ukumbi mzima ukanyamaza. Si kunyamaza kwa kawaida. Hata kikohozi hukusikia. Mama akaanza kutapatapa kitini. Akaniinamia: "Mbona wamenyamaza hivi? Hawajapenda?"

"Wamependa, mama. Ngoja."

Kwetu mwimbaji akikugusa humwachi peke yake. Ukipata ubeti wako unainuka, unakwenda mbele kwa maringo, unamtunza kwa pesa, unapiga kigelegele, na kila mtu anajua ni neno gani limekuchoma na pengine limemlenga nani. Mwimbaji anajua palepale kwamba amefika. London watu wanaubana moyo mpaka noti ya mwisho ife kabisa. Na ilipokufa, makofi yalianguka kama mvua ya masika juu ya bati. Mama alishtuka, kisha akacheka kwa furaha, akapiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa. Kuanzia hapo alishajua utaratibu, na nadhani alianza kuupenda ukimya ule, kwa sababu nilimwona akiubana na yeye.

Matt Lucas, aliyeigiza mwenye nyumba ya wageni, alichekesha ukumbi mzima isipokuwa mtu mmoja. "Mwizi huyo, wanamchekea nini?" Mama hakumsamehe mpaka mwisho.

Alipotokea Shan Ako, binti mweusi aliyekuwa Éponine, mama alikaa wima. Hakusema kitu. Alinishika mkono tu, na alipomaliza wimbo wake wa kutembea peke yake usiku, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza katika safu yetu kupiga makofi. Michael Ball naye ana habari yake: mwaka 1985 ndiye aliyekuwa Marius, kijana mpenzi, na usiku ule, miaka 34 baadaye, alirudi kuwa Javert, askari anayemwinda Valjean. Watu walimpigia makofi yenye kumbukumbu ndani yake. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekaa kushoto kwa mama alituambia wakati wa mapumziko kwamba alikuwepo Barbican mwaka ule wa kwanza, magazeti mengi yalipouponda mchezo na watu wa kawaida wakaendelea kupanga foleni kana kwamba hawajasoma chochote. "Kila mara ninalia mahali pale pale," alisema. Nilimtafsiria mama, naye akajibu nimwambie bibi huyo kwamba hiyo ndiyo dalili ya wimbo mzuri.

Mahali pale palifika katika sehemu ya pili. Valjean, ambaye siku hiyo alikuwa Alfie Boe, anasimama karibu na kijana Marius aliyelala, na anamwomba Mungu amrudishe kijana huyo nyumbani salama. Kama ni kufa, afe yeye. Wimbo huu ulitungwa wakati mazoezi ya 1985 yameshaanza, kwa ajili ya sauti ya Colm Wilkinson, Valjean wa kwanza wa London, na unamalizikia juu kabisa, kwa sauti nyembamba kama uzi. Nilimtazama mama. Viganja vyake vilikuwa vimefunguka juu ya mapaja. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni dua. Noti ya mwisho ilipoondoka, kwa muda mfupi hakuna aliyethubutu kuanza, kisha ukumbi ukapasuka, na bibi wa kushoto akampa mama karatasi laini ya kufutia machozi bila kumtazama, kwa sababu na yeye alikuwa anafuta yake.

Mama akafungua mkoba wake. Nilidhani anatafuta leso. Alikuwa anatafuta pesa. "Huyu kwetu angetunzwa," alisema, na akatoa noti ya pauni tano. Nikamweleza kwa haraka kwamba hapa hawafanyi hivyo, hakuna njia ya kufika mbele. Akaikunja ile noti mara nne, akaishika ndani ya ngumi mpaka mwisho wa onesho.

Kasoro zipo, na ni halali kuzitaja. Vita vya kwenye kile kizuizi cha waasi ndipo tamasha linapochoka. Wanapokufa wale vijana walioinuka, wengi wao wanafunzi, na yule mtoto Gavroche anayepigana pamoja nao, macho yanahitaji kitu cha kushika. Asiyejua kisa anapotea. Mama aliniuliza mara mbili nani amekufa, na ilibidi nimnong'oneze katikati ya muziki, jambo ambalo ni aibu kwa majirani. Ukimpeleka mtu asiyeujua mchezo, msimulie kwanza, na umsimulie hasa sehemu hiyo.

Jambo jingine ni kuimba pamoja. Wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, ule ambao kila mhusika anaimba lake na yote yanakutana, ulimshinda mtu mmoja nyuma yetu, akaanza kuimba kwa sauti. Watu wakamgeukia kwa macho makali. Mimi nilikasirika, nilikuwa nimelipa kusikia wale wa jukwaani. Mama aligeuka na kumtabasamia. Tulibishana njia nzima ya kurudi. Mimi bado naona kwamba ukimya wa wote ni haki ya kila mmoja. Yeye anaona mtu aliyeguswa na wimbo asizuiwe. Hatujakubaliana mpaka leo.

Tarehe 2 Desemba 2019 onesho la mwisho lilirushwa moja kwa moja kwenye majumba ya sinema, na mama akiwa ameshaondoka nilikwenda peke yangu katika sinema ya mji wangu. Picha zilikuwa za karibu. Niliona jasho na mishipa ya shingo ambayo kule juu tusingeiona kamwe. Lakini watu waliokuwa pale walikuwa na shida: unapigaje makofi mbele ya kitambaa? Nyimbo mbili tatu zilipita, makofi ya London yakisikika kwenye spika na sisi tukiwa kimya, mikono mapajani. Baada ya ile dua, mtu mmoja safu za mbele akaanza, polepole, na sote tukamfuata, tukimpigia makofi mtu aliyekuwa mbali na asiyeweza kutusikia. Ilikuwa nzuri. Lakini kama una nafasi ya kuchagua, chagua kukaa ndani ya ukumbi, hata kwenye kiti cha juu kabisa.

Sijamaliza habari ya ile noti. Onesho lilipoisha watu wote walisimama, waimbaji wakainama mara kadhaa, na mama tayari alikuwa ameshika njia kuelekea ngazi. Bibi wa kushoto akaniuliza kama mama yu mzima. Nikamweleza habari ya kutunza, tangu mwanzo. Alisikiliza kwa makini, akasema, "Basi mpelekeni mlango wa nyuma, huko ndiko wanakotokea," na akashuka nasi ngazi mwenyewe, fimbo mkononi, mpaka akatuonesha.

Kulikuwa na baridi na watu wengi wenye vitabu vya onesho wakisubiri sahihi. Wakubwa hawakutokea wakati tupo. Alitokea kijana mmoja wa kundi la waitikiaji, begi mgongoni, ambaye hakuna aliyemsogelea. Mama alimtambua papo hapo: "Huyu alikuwa kulia, mstari wa pili." Akamwendea, akamshika mkono, akamtia ile noti kiganjani na kuvifunga vidole vyake juu yake.

Kijana akanitazama mimi, hajui afanye nini. "Ni desturi ya kwao," nikamwambia. "Umeimba vizuri."

Alijaribu kuirudisha. Mama akatikisa kichwa, akamfunga vidole tena.