Daraja la biashara kwenye vindege vyetu: hela inakwenda wapi?

Je, inafaa kulipia daraja la biashara, vile viti vya mbele, kwenye ndege ndogo za hapa kwetu? Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama safari ni ya saa moja, huna mzigo wa maana na huunganishi ndege nyingine mbele, kaa nyuma na hela yako iweke mfukoni. Mimi kazi inanirusha kati ya Dar, Nairobi na Entebbe. Kuna wakati ofisi inalipa, kuna wakati natoa mwenyewe, na ukitoa mwenyewe ndipo unapoanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza ni ndege gani, kabla hata ya kuangalia nauli. Kwenye Embraer 190 unapata kiti cha biashara cha kweli. Mbele viti ni vitatu kwa safu, kimoja upande huu na viwili upande ule. Nyuma ni viwiliviwili. Za Kenya Airways zina viti 96, 12 vya mbele na 84 vya nyuma. CRJ900 za Uganda Airlines nazo zina 12 mbele, 64 nyuma. Bombardier Q400 za Air Tanzania, zile za mapanga ya kuzunguka, mapangaboi, zilizoanza kuingia nchini mwaka 2016 watu wakazitania sana, zina viti sita tu vya mbele kati ya 76.

Angalia hizo ndege zote tatu: hakuna hata moja yenye kiti cha katikati huko nyuma. Kwenye Boeing kubwa mtu analipa ili asibanwe katikati ya watu wawili kwa saa nane. Hapa hata mwenye tiketi ya bei ya chini yuko dirishani au njiani. Kwa hiyo kile unachokimbia hakipo, na nauli mara nyingi nimeikuta inakaribia mara mbili.

Kiti chenyewe ni kizuri, sikatai, ila usitegemee kulala. Kinaegemea kidogo tu. Safu ya kwanza, ambayo kila mtu anaigombea, ina kasoro zake: mbele yako ni ukuta, hakuna kiti cha kuchomeka begi chini yake, kwa hiyo wakati wa kuruka na kutua kila kitu kinapanda kabatini. Meza inatoka ndani ya mkono wa kiti, na mkono huo haunyanyuki. Mwenye makalio mapana ataelewa nasema nini. Mimi sasa nachagua safu ya pili, upande wa kiti kimoja.

Mrefu mwenzangu, sikiliza. Nina mita 1.88. Kwenye CRJ900 dari katikati ya njia ni kama mita 1.89, kwa hiyo natembea kama naingia banda la kuku, na madirisha yako chini kiasi kwamba kuangalia nje lazima uiname. Q400 ina mita 1.95 hivi, Embraer mita 2. Daraja ulilolipia haliongezi hata sentimita moja juu ya kichwa.

Kelele nazo zina hesabu yake. CRJ injini zake ziko mkiani, hivyo mbele kuna utulivu wa kweli, na hapo nakubali hela imefanya kazi. Q400 ni kinyume: mapanga yake, sita kila upande, yanazunguka usawa wa viti vya sehemu ya mbele, na mwili wa ndege unatetemeka kidogo mpaka maji kwenye glasi yanachora miduara. Wenyeji wa ndege hizo wanaotaka kusinzia huwaoni wakigombea mbele. Faida yake ni kwamba bawa liko juu, unaona ardhi vizuri, na wakati wa kutua unaona matairi yakishuka kutoka chini ya injini.

Kwa njia ya Dar kwenda Nairobi, Kilimanjaro iko kushoto. Ukirudi, iko kulia. Kwenye Embraer nilizopanda kiti kimoja kimoja kilikuwa kushoto, kwa hiyo safari ya kwenda unapata dirisha na njia kwa pamoja bila kumvuka mtu. Hilo nalipenda kuliko chakula, ambacho kwa saa moja na robo kinaliwa mbiombio: trei inakuja, hujamaliza kahawa, mhudumu anakwambia funga meza tunashuka.

Faida kubwa iko chini, kabla hujapanda. Foleni yako kaunta ni fupi, mzigo unaoruhusiwa ni mkubwa zaidi, launji, yaani chumba cha kusubiria, ina kiti na umeme wa kuchajia simu, na tarehe unabadilisha bila kusulubiwa. Nikirudi na sampuli nzito za kazi, nikipiga hesabu ya kulipia uzito wa ziada, tofauti ya nauli inapungua sana. Hapo nalipa bila kunung'unika.

Ila begi la mkononi halijali cheo. Makabati mengi ni madogo, na sanduku la magurudumu huenda lisiingie. Pale chini ya ngazi nimewahi kuzuiwa:

"Kaka, hili linabaki hapa, utalipokea ukishuka."

"Dada, humo mna kompyuta."

"Basi itoe, kaka, ndege ni ndogo."

Nikafungua sanduku juani, soksi zikionekana na wote, boding pasi ya daraja la biashara mdomoni. Sasa kompyuta naiweka kwenye mfuko wake tangu nyumbani.

Jambo la mwisho, na hili liulizeni kabla ya kulipa: ndege ikibadilishwa, inakuwaje? Shirika moja, silitaji, liliniuzia daraja la biashara, siku ya safari likaleta ndege isiyo na daraja hilo kabisa. Nikapewa safu ya mbele, kiti cha pembeni kikaachwa wazi, na juisi ya embe nikaletewa kabla ya wengine. Tofauti ya nauli nikaambiwa niandike barua pepe. Nimeandika, nimepiga simu, nimekwenda ofisini kwao. Hatimaye wakanitumia vocha. Nilipotaka kuitumia kununulia tiketi nyingine ya mbele, dada wa kaunta akaisoma mara mbili, akanirudishia: inatumika daraja la kawaida tu.