Uzoefu Wangu: Sweta la Sufu la Mtumba kwa Baridi ya Trondheim

Nilipofika Trondheim, mji wa Norwe, kuanza shahada ya uzamili, niliagiza mtandaoni sweta jipya lenye nakshi za Kinorwe, kwa kuwa picha yake ilivutia na bei ilikuwa nafuu. Lebo ya ndani ilionyesha kuwa ni akriliki tupu. Nikipanda kilima cha Gløshaugen kwenda darasani lilinitoa jasho, na nikisimama kituoni kungoja basi jasho lile lile lilinipoa mgongoni hadi nikatetemeka. Kufikia Novemba lilikuwa limeota vinundu kwapani na mikononi.

Ndipo nikaenda Fretex, maduka ya mitumba ya Jeshi la Wokovu, nikapata sweta la sufu la mtindo wa Setesdal, bonde la kusini mwa Norwe, kwa krona 350. Aliyekulia kwenye mitumba hahitaji kufundishwa kuchagua: nililigeuza nje ndani kutazama nyuzi zilivyopita nyuma ya nakshi, nikaliinua kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo, nikabonyeza viwiko, kisha nikasoma lebo. Ni jeusi, lina vidoa vyeupe ambavyo Wanorwe huvifananisha na chawa, ndiyo maana huitwa lusekofte, yaani koti la chawa, na shingoni lina utepe uliotariziwa na vifungo vya rangi ya fedha.

Nimelivaa majira mawili ya baridi na bado lina umbo lake. Sufu hata ikipata unyevu wa theluji huendelea kutunza joto, jambo ambalo pamba haiwezi, kwa sababu pamba hunyonya jasho na kubaki imelowa mwilini. Kasoro yake ni kuwasha shingoni, kwa hiyo ndani huvaa fulana nyembamba ya sufu ya merino, kondoo wenye sufu laini. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, ningemsihi anunue fulana hiyo kabla ya koti la nje, maana ndiyo inayogusa ngozi kutwa nzima.

Glavu nazo nilizipata kwenye soko la Krismasi la pale Torvet, uwanja wa katikati ya mji: za Selbu, wilaya jirani, zenye nyota ya ncha nane ambayo msichana wa huko, Marit Emstad, aliifuma kwenye glavu mwaka 1857. Kwa bahati mbaya niliziingiza kwenye mashine ya kufulia ya bweni kwa nyuzijoto 60, zikatoka ngumu na ndogo kiasi cha kumtosha mtoto. Nilisikitika sana, kwani zilikuwa kazi ya mkono. Tangu hapo nguo za sufu huzitundika dirishani zipigwe na hewa, na zikihitaji maji huzifua kwa mkono na kuzilaza juu ya taulo zikauke.

Kwenye julebord, karamu ya Disemba ya wanafunzi, sweta lilikuwa zito mno kwa ukumbi wenye joto. Nilivaa gauni langu la kitenge juu ya soksi ndefu nyeusi za sufu zinazofika kiunoni, buti nikaziacha mlangoni, na sikuhisi baridi hata wakati wa kurudi kwa miguu usiku.

Anayetaka sweta kama hili aende dukani mapema: Novemba nilikuta yamejaa, lakini rafiki niliyempeleka wiki ya pili ya Disemba alikuta yamebaki ya wanaume wakubwa tu.