Mapembe au shelisheli?

Jamani mie wali naupenda sisemi uongo, ila mchele huu wa mapembe umevuka bahari kwa meli, halafu mtu anapika sufuria zima, asubuhi kiporo kinaenda jaani. Shelisheli je, lile tunda la mtini linaloliwa kama muhogo? Mshelisheli ukishasimama uani unazaa miaka na miaka, hulimi wala hupandi kila msimu, unalichoma kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi tii, unalimenya, unalitia tui zito na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, pembeni, wallahi wali hutouliza. Tabu yake likishaiva halingoji, siku mbili tatu limelainika, kwa hivyo yakianguka mengi mgaie jirani. Kwangu mie siku za kazi shelisheli, wali Ijumaa tena kwa kupima.