Sanamu ya Roland Garros, Saint-Denis: Inafaa Kutembelewa?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tuko Saint-Denis, kisiwani Réunion, mashariki ya Madagaska, na ninachowachambulia ni sanamu hii hapa nyuma yangu. Roland Garros. Najua wengi mmeshawaza tenisi, kwa sababu ya ule uwanja wa Paris uliojengwa mwaka 1928. Lakini huyu alikuwa rubani, na alizaliwa mji huu huu, mwaka 1888.

Mahali kwanza. Hapa ni Barachois, ufukweni kabisa, na ile mizinga ya zamani bado imeelekezwa baharini. Kiingilio hakuna. Sogeeni tuone karibu: ile ni rafadha, lile panga la mbele ya ndege, iko naye hapo. Hiyo nimeipenda sana, maana hata mtoto ataelewa huyu mtu kazi yake ilikuwa nini.

Kasoro yake? Amesimama ametulia mno! Garros alikuwa mtu wa mashindano. Mwaka 1911, mbio za ndege za Paris hadi Roma, alishika nafasi ya pili. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya ndege kule Anjou, Ufaransa, hali ya hewa ilichafuka, wenzake wengi wakashindwa kuendelea. Yeye akaruka, akashinda. Ile ari mimi siioni kwenye sanamu hii, na naidai.

Halafu tarehe 23 Septemba 1913 akaondoka Fréjus, kusini mwa Ufaransa, akavuka Mediterania bila kutua mpaka Bizerte, Tunisia. Muda wa karibu saa nane angani, injini moja, chini maji matupu. Na injini yenyewe ilimsumbua njiani! Akafika, mafuta yakiwa yamebaki kidogo tu tangini. Hakuna aliyewahi kuivuka bahari ile hivyo kabla yake. Jamani, mtu wa kisiwa kidogo namna hii.

Aliuawa vitani angani tarehe 5 Oktoba 1918, kesho yake angetimiza miaka 30.

Kwa hiyo, njooni? Njooni, tena msikose. Ila someni habari zake kabla, la sivyo mtapiga picha mbili na kuondoka. Uwanja wa ndege wa hapa, kule Sainte-Marie, nao unaitwa kwa jina lake, na kutoka pale hadi hapa si mbali kwa gari. Jioni ndiyo nzuri zaidi, jua likishapoa, watu wanatembea ufukweni na familia zao.