Darubini ya mezani ya milimita 130 kwa maonyesho ya mtaani Dar: uzoefu wangu

Cape Town wana kituo cha kutazamia nyota tangu 1820, na wananchi hufunguliwa milango usiku wakachungulie. Dar hatuna jengo la namna hiyo, kwa hiyo darubini ndiyo inayowafuata watu: uwanja wa shule, ufukweni, popote penye nafasi. Ninayotumia ni ya kioo kinachoakisi mwanga, kipenyo milimita 130, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) milimita 650, na kitako cha kuzungushwa kwa mkono, mtindo wa John Dobson, aliyekuwa akiwaonyesha wapita njia mwezi na sayari barabarani San Francisco. Kilo sita hivi, inapanda bajaji bila shida.

Inakuja na lenzi mbili za jicho. Ya milimita 25 inakuza mara 26, na mwezi unaenea wote. Ya milimita 10 inakuza mara 65. Hiyo ndiyo ya pete za Zohali na miezi minne mikubwa ya Mshtarii. Hapo kwenye 65 ndipo wengi wanapokwama. Mota ya kuifuata sayari hakuna, nayo inakatiza duara la lenzi kwa dakika tatu tu. Usiiweke katikati. Iweke ukingoni, upande ambao itavuka duara lote, kila mtu nusu dakika, wakipita watano au sita unasogeza tena. Ukianzia katikati, mtu wa nne ataona giza, na kwa adabu atasema "nimeona". Muulize ameona nini.

Jambo jingine ni la hapa kwetu. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwezi na sayari hupita karibu na utosi. Picha inatulia kweli, lakini darubini ikishatazama juu kabisa, kuzungusha kitako hakusogezi kitu chochote. Panga ratiba sayari ikiwa bado haijapanda sana. Na mwezi uonyesheni siku ya 7 au 8 ya mwandamo, vivuli vya mashimo vikiwa virefu; mwezi mpevu unaumiza macho na hauna cha kuonyesha.

Kasoro kubwa ni shingo ya kurekebishia ukali, inayozungushwa kama kifuniko cha chupa. Inacheza, na ukiigusa tu sayari inaruka. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili mitatu kwenye nyuzi zake, inamaliza tatizo. Kasoro ya pili: bomba liko wazi katikati, taa za barabarani zinaingia. Viringisha karatasi nyeusi ya manila uifunike. (Umeme ukikatika mtaani, ndiyo raha yenyewe.)

Meza ya plastiki ya baa haifai hata kidogo, kila bega linaloigusa linatikisa picha. Tafuta meza fupi ya mbao nzito. Kwenye mchanga, tanguliza kipande cha plaiwudi chini ya miguu yake.

Ukitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi, usiifungue papo hapo. Kioo baridi kikikutana na hewa yetu ya jasho kinafuka ukungu sekunde hiyo hiyo. Iache ndani ya begi lililofungwa kama dakika 40, ipate joto la nje kwanza. Ukungu ukishaingia usifute kwa kanga wala kitambaa cha miwani, utakwaruza kioo. Ngoja ukauke wenyewe. Chumvi ya bahari inasuuzwa kwa maji ya betri yasiyo na asidi, na begi libaki na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, hasa masika.

Mchana, bila kichujio maalumu cha jua mbele ya bomba, darubini ifunikwe na isimamiwe na mtu mzima. Filamu ya eksirei si kichujio.

Nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi (makundi makubwa ya nyota) usimwahidi mtu ndani ya jiji. Ukitaka kitu cha kushangaza baada ya sayari, jioni za Juni elekeza kwenye Rigil Kentaurus, nyota kali iliyo kushoto kwa Msalaba wa Kusini. Kwa 65 inagawanyika nyota mbili waziwazi, na foleni inaanza upya.