Daluga za mapezi ya raba: zinapinda mpira, au zinatoboa mfuko tu?

Hamjambo, watu wa kandanda. Leo niko Manyatta, hapa Kisumu, kwenye kiwanja chetu chenye mwembe nyuma ya goli. Anayeshika simu ni mpwa wangu, kwa hivyo picha ikitikisika mnajua wa kulaumu. Mbele yangu kuna jozi tatu. Hebu sogeza simu. Sogeza, omera, si ufike mawinguni.

Hii ya kwanza ni ngozi laini, haina mbwembwe. Hii ya pili ndiyo mnayoniuliza kila siku: ina mapezi ya raba upande wa ndani wa mguu. Nimeitoa soko la Kibuye Jumapili kwa shilingi 1,800, mtumba, jina limeshafutika na silibahatishi. Sikilizeni nikipitisha ukucha. Krrrr. Kama kitana, si ndiyo? Ya tatu tutaifikia, na naomba msicheke.

Kabla sijapiga mpira, mjue hiki kitu kilikotoka. Craig Johnston alichezea Liverpool miaka ya themanini. Alipostaafu akarudi Australia, akawa anafundisha watoto. Siku moja, mvua inanyesha, akawa anawaambia waushike mpira kwa mguu kama raketi ya tenisi ya mezani inavyokishika kile kimpira. Watoto wakamwambia, kocha, viatu vyetu ni vya ngozi, vinateleza. Akaenda nyumbani, akabandua raba ya raketi, akaifunga kwenye kiatu chake. Kampuni zilimkatalia, Adidas ikiwemo, mpaka akamrekodi Franz Beckenbauer, nyota wa zamani wa Ujerumani, na wenzake wakipiga mipira kwenye theluji na viatu hivyo vya Johnston. Adidas ikakubali, na daluga yao ya mapezi, Predator ya kwanza, ikaingia sokoni mwaka 1994.

Mmesikia lakini? Mvua. Theluji. Hii raba ilizaliwa kwenye maji, na muuzaji wa Kibuye hilo hakuambii.

Sasa tazama. Nimeupaka mpira chaki, nimevaa ya mapezi, napiga frikiki ya kupinda kuelekea mlingoti wa kushoto. Umeona? Umepinda. Usipige makofi bado. Leta simu hapa kwenye kiatu. Alama ya chaki iko wapi? Iko huku nyuma, karibu na mfupa ulio chini ya kifundo. Mapezi yako huku mbele, kwenye kidole gumba, meusi tititi, hayana hata unga. Yaani mpira umepinda na mapezi hayajaugusa! Nimerudia mara nne, na mara moja tu chaki imefika kwenye raba. Huo ndio mguu wangu, unapiga hapo tangu utotoni. Wewe paka chaki uone wako unapiga wapi kabla hujalipia raba ya mtu.

Kwa nini umepinda basi? Mguu na mpira hugusana kwa kama sehemu moja ya mia ya sekunde, na katika muda huo mpira unabonyea, unaukumbatia mguu. Mwaka 2002 mtafiti Takeshi Asai wa Japani na wenzake walichapisha majaribio ya kompyuta kuhusu jambo hili. Waliona kwamba mzunguko unategemea zaidi umbali kati ya katikati ya mpira na pale ulipougonga, kuliko msuguano wa kiatu. Hata walipoufanya msuguano kuwa sifuri, mpira ulizunguka kidogo, kwa sababu ya kule kubonyea tu. Ukisogea pembeni zaidi unapata mzunguko zaidi, lakini unapoteza kasi. Ukizidisha, unaukwaruza tu na kipa anaudaka akipiga miayo. Mzunguko ukishapatikana, hewa inafanya kazi iliyobaki: upande mmoja inapita kwa kasi kuliko wa pili, na mpira unasukumwa pembeni.

Sasa twende kwenye maji. Mpwa, mwaga hiyo ndoo. Mpira umelowa, viatu vimelowa. Nirushie juu niutulize. Kwa ngozi laini... umeona ulivyoteleza? Umenikimbia hatua mbili. Nabadilisha. Rusha tena. Ehee! Umekaa. Rusha tena. Umekaa. Hapa sibishani na mtu: mpira uliolowa, mapezi yanaushika. Na ile pasi ya kukata kwa ndani ya kidole gumba, hapo raba inagusa kweli, na nimeuhisi mpira ukichelewa kutoka mguuni. Mpira mkavu sikuhisi tofauti, maana ngozi kavu tayari ina msuguano wa kutosha.

Tatizo ni tope letu. Huu udongo mweusi wa huku mnaujua, ukinyeshewa unang'ang'ania kama deni. Nimekimbia dakika kumi pale karibu na kona, tazama. Katikati ya mapezi kumejaa, kumekuwa bapa, na juu kunateleza kuliko ile ngozi. Tumerudi kule kule kwa watoto wa Johnston. Kwa hivyo ukinunua hizi, weka mswaki wa zamani kwenye begi, na wakati wa mapumziko wenzako wakinywa maji wewe unapiga viatu mswaki. Wa Kakamega mnaocheza kwenye ule udongo mwekundu, niandikieni kama kwenu ni nafuu.

Haya, jozi ya tatu. Nilinunua raketi kuukuu, nikampelekea fundi viatu aibandike raba yake kwenye daluga zangu za zamani. Alinitazama sana, lakini akabandika. Shuti la kwanza, tamu. La tatu, tamu. La sita raba ikabanduka, ikaning'inia, na huyu kijana akapiga kelele, "Mjomba, kiatu kimetoa ulimi!" Gundi haikuweza maji. Na hata ingeweza, refa ana haki ya kukutoa ukabadilishe kama anaona ulichovaa kinaweza kumuumiza mtu.

Ungeniuliza ninunue nini kwa 1,800, ningekwambia kwanza kiatu kikubane vizuri. Mguu ukicheza ndani, raba inashika mpira na wewe unateleza ndani ya soksi. Kiungo anayecheza msimu wa mvua na ana subira ya mswaki, chukua mapezi. Mimi nabaki na ngozi yangu. Hii ya mapezi nilitaka kumpa mpwa, lakini ni namba 41, na yeye anaficha vidole vya namba 43 nyuma ya simu. Aliye Kisumu mwenye mguu wa 41 aniambie, nitamwachia kwa 1,500, mswaki juu yangu.